Mashine gani ya welding inafaa kuchomelea chesisi ya pikapu nyumbani?

"Shikamoo fundi. Nipo Nkuhungu hapa Dodoma, nina Hilux single cabin ya zamani, msimu ukifika nabeba zabibu kutoka Hombolo, na siku zingine naweka simtank la lita 1000 nyuma nawapelekea maji watu wanaojenga. Juzi nimeingia uvunguni nikaona ufa kwenye chesisi upande wa kulia, pale hanga ya springi ya nyuma inaposhikia, urefu kama kidole. Gereji wamenitajia hela nikaona bora ninunue mashine nichomelee mwenyewe nyumbani, mana hata geti langu nilichomelea mwenyewe na mpaka leo limesimama. Dukani wamenionyesha kamashine kadogo kameandikwa 300 wanasema kanachoma kila kitu. Rafiki yangu anasema nichukue mig ya bila gesi ndio rahisi kwa anayejifunza. Fundi wa mtaani kwetu anasema hizo zote uongo, mashine ni ile ya kusuka ya transfoma tu. Umeme wangu ni wa njia moja, LUKU ya kawaida. Nichukue ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Umeniuliza mashine ila ndani ya swali lako kuna maswali matatu, la mashine, la umeme wa nyumba yako, na la huo ufa wenyewe ambao wewe umeupitia harakaharaka kama vile ni kitu cha pembeni. Kwangu mimi huo ufa ndio habari kubwa, kwa hiyo nianzie hapo alafu mashine tutaifikia, na nitakutajia kabisa ya kuchukua, sitakuzungusha.

Geti na chesisi sio ndugu. Geti limesimama palepale, likichomelewa vibaya litaning'inia miaka kumi hakuna mtu atajua. Chesisi ya pikapu inajikunja kila ukipita kwenye shimo, kila ukifunga breki, kila tairi moja ikipanda tuta nyingine ikabaki chini, ni maelfu ya mikunjo midogo kwa safari moja tu ya Hombolo. Chuma hakipasuki kwa sababu siku moja kimebeba mzigo mkubwa, kinapasuka kwa kukunjwa kidogokidogo mahali pamoja mpaka kinachoka, kama unavyokata waya kwa kuukunja huku na huku bila koleo. Na sehemu inayochoka kwanza ni ile ambayo laini inakutana na ngumu, na hapo kwenye hanga ya springi ndio penyewe, hanga ni gumu na chesisi inataka kucheza.

Alafu hesabu ya maji. Lita 1000 ni kilo 1000, tani moja kamili, bado simtank lenyewe, bado pampu na mipira na vijana wawili waliokaa juu yake. Pikapu ya aina hiyo uwezo wake ni kwenye tani moja hivi, kwa hiyo ushafika mwisho kabla hata hujawasha gari. Na maji sio mchanga, mchanga ukifunga breki unatulia, maji yanaenda mbele yanagonga yanarudi nyuma yanagonga, hasa simtank likiwa nusu. Ndio mana ufa umetokea hapo na sio kwingine. Nakwambia hivi kwa sababu hata nikikupa mashine bora kuliko zote, ukiziba ufa alafu kesho ukapakia lile lile simtank mpaka mdomoni, miezi michache utarudi uvunguni utaukuta umefunguka pembeni ya pale ulipochomelea.

Hilo la "pembeni" nalijua kwa kuumia. Chesisi ya kwanza niliyowahi kuchomelea peke yangu ilikuwa ya pikapu ya mzee mmoja aliyekuwa anabeba mahindi Kibaigwa, nilikuwa kijana bado, nikapiga rodi nikajaza nikajaza, weld nene kama kamba ya katani, nikaweka na bamba mraba juu yake nikalizungushia weld pande zote nne, nikajisifia. Haikumaliza mwezi mzee akarudi. Weld yangu ilikuwa nzima kabisa, haina hata alama! Ufa ulikuwa umekaa milimita tatu pembeni ya weld, umenyooka kama umepigwa rula, umefuata ukingo wa bamba langu kutoka juu mpaka chini.

Sababu yake ni hii. Unapochomelea, chuma kilichoyeyuka ni kile cha katikati tu, lakini ukanda wa pembeni yake ambao haukuyeyuka umepikwa, umepata joto kali alafu ukapoa ghafla mana chuma baridi cha pande zote kinalivuta joto. Ukanda huo tabia yake inabadilika, kwa chuma cha aina fulani unakuwa mgumu wa kukatika, kwa chuma cha nguvu cha magari mapya unakuwa laini kuliko mwanzo. Sasa ukichora mstari wa weld uliosimama wima kukatisha chesisi, maana yake umechora mstari dhaifu kukatisha mfupa, na bamba nene umeliongezea pembeni yake likazuia sehemu hiyo isijikunje, kwa hiyo mkunjo wote unahamia ukingoni mwa bamba, palepale kwenye mstari dhaifu. Nilikuwa nimemtengenezea yule mzee ufa mpya kwa mikono yangu na nikamchaji hela.

Sawa, mashine.

Tuanze na hako kadogo kalikoandikwa 300, mana maduka mengi ndio wanasukuma hizo na vijana wanaona namba kubwa wanachukua. Usisome namba iliyopigwa rangi mbele, geuza mashine utafute kibati au stika yenye jedwali, mara nyingi ipo nyuma au chini. Utakuta herufi I2 hiyo ni ampia zinazotoka, U2 ni volti inazofanyia kazi, na X ni asilimia. Kwa mashine ya rodi kuna hesabu inayotumika kwenye vipimo, volti za kazi ni 20 ukijumlisha ampia mara 0.04. Ampia 300 inakupa volti 32, zidisha hizo mbili unapata wati 9,600 zinazotoka, weka na zinazopotelea ndani mashine inataka wati elfu kumi na moja na kitu, gawanya kwa volti 230 za TANESCO ni karibu ampia 50 kutoka ukutani. Nyumba yako ya njia moja na ile plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya 13, hizo ampia 50 zinapitia wapi? Haziwezi. Kwa hiyo ama mashine haitoi 300, na ndivyo ilivyo, ukifungua jedwali utakuta 120 au 140, ama ingekuwa inatoa basi nyumba yako ingekuwa inanuka plastiki. Sio kwamba mashine yenyewe mbovu lazima, zingine zinafanya kazi vizuri tu ya madirisha, ila mtu aliyekudanganya kwenye namba kubwa mbele hujui kingine gani amedanganya.

Na hiyo X usiipuuze. X 60% maana yake katika dakika kumi unachomelea sita unapumzisha nne. X 20% unachomelea mbili unapumzisha nane. Mashine za kueleweka zinapimwa kwenye joto la nyuzi 40, za bei ya chini kuna zinazopimwa kwenye ubaridi, na wewe unaenda kuichomeka chini ya paa la bati Dodoma mwezi wa Oktoba. Ikizima yenyewe na kuwasha taa ndogo ya njano haijafa, inapumua, iache feni izunguke usiizime swichi. Na kwa vumbi letu hili, kila baada ya wiki chache ichomoe ukutani, iache ikae kwanza, alafu ipulizie hewa ya kompresa ndani, mana vumbi jekundu likilala kwenye saketi za inveta, yaani hizi mashine ndogo za kielektroniki, siku ikija unyevu ndio unasikia paa!

Rafiki yako wa mig ya bila gesi simkatalii wote. Mig ni rahisi kushika, unabonyeza tu waya unatoka wenyewe, na hii ya bila gesi waya wake una unga ndani unaotengeneza moshi wa kukinga chuma, kwa hiyo upepo hauisumbui sana. Mig ya gesi ndio ya usafi, ila Dodoma yetu hii ukitaka kuchomelea uani mwezi wa saba au wa nane upepo ukiwa unavuma toka asubuhi, gesi inapeperuka, na haihitaji dhoruba, upepo wa kupeperusha kanga tu kwenye kamba unatosha kukuachia weld yenye matundu kama maandazi yaliyoumuka sana. Utajenga kibanda au utaning'iniza turubai pande tatu. Alafu mtungi, regyuleta, kujaza gesi, ukiishiwa katikati ya kazi unafunga.

Ila ubaya wangu na mig kwa mtu anayeanza, tena kwenye chesisi, ni mwingine kabisa. Mig ndogo ya nyumbani ikipigwa kwenye chuma cha milimita tatu au nne inaweza kukupa weld nzuri ya kupiga picha ambayo haijashika. Waya unayeyuka unajilaza juu ya chuma baridi kama uji juu ya sahani, kingo zimelala vizuri, huoni kitu, chini yake hakuna kilichoungana. Sisi tunaita weld ya baridi. Rodi ikikosea mara nyingi inakosea hadharani, inanata, inaacha matundu, inabakiza gamba, unaona aibu yako unarudia. Mig inakosea huku inatabasamu. Kwenye bodi, bati la chini ya milimita moja, hapo nakubali mig ndio mfalme, rodi italitoboa tu. Kwenye chesisi mpe mwenye mkono.

Na hizo za bila gesi za bei poa angalia kitu kimoja kabla hujatoa hela. Waya wa unga unataka bunduki, ile unayoshika mkononi waya unapotokea, iwe hasi na eathi iwe chanya, kinyume na waya mtupu wa gesi ambao unataka bunduki chanya. Mashine nzuri ina sehemu ya kubadilisha ndani ya mlango wa waya. Kama haina na muuzaji hajui unaongelea nini, achana nayo. Tena kuna waya wa unga uliotengenezwa kwa kupiga mara moja tu kwenye chuma chembamba, ule wenye alama ya GS mwishoni, ukirudia juu yake unapasuka. Sio wa chesisi.

Fundi wako wa mashine ya kusuka naye ana point yake. Zile transfoma zetu za kusuka ni ngumu kufa, zinatengenezeka hapahapa mtaani, zimejenga mageti ya nchi hii. Lakini zinatoa umeme unaogeukageuka (AC), na rodi ninayotaka itumike kwenye chesisi haipendi umeme huo, inataka umeme ulionyooka (DC), kwenye transfoma nyingi za kusuka itakuwa inawaka inazima inanata mpaka uitupe. Na inavyokula umeme jirani yako wa laini hiyohiyo atajua umeanza kazi kwa taa yake kupepesa.

Kwa hiyo ungekuwa mdogo wangu wa damu ningekwambia chukua inveta ya rodi, umeme ulionyooka, ambayo kwenye jedwali lake, sio kwenye rangi, inatoa kweli ampia 160 mpaka 200, na kwenye ampia 120 au 130 ina X ya 60 au zaidi. Volti zake kabla hujagusa rodi, zinaandikwa U0, ziwe karibu na 70, zikiwa chini sana rodi za 7018 zitakusumbua kuwasha. Nyaya zake zisiwe nyembamba kama za redio, na ile klipu ya eathi ibane kweli, klipu legelege inakula nguvu zako zote. Hiyo mashine itachomelea geti, toroli, stendi ya simtank, bomba la moshi kwa tabu kidogo, na ndio mashine hiyohiyo fundi mzoefu anaweza kuja nayo kufanya chesisi yako. TIG, ile ya sindano ya tangsteni na gesi, ni nzuri ila taratibu na ghali na inataka usafi wa hospitali, iache. Gesi ya oksijeni na asetilini inatawanya joto eneo kubwa, kwenye chesisi iogope, itumie kukatia tu.

Nimetaja 7018. Hizi namba za rodi watu wanazisoma kama bei. Mbili za kwanza ni nguvu, 60 ni paundi elfu sitini kwa inchi ya mraba na 70 ni elfu sabini, na wengi wanadhani tofauti ni hiyo tu. Tofauti yenyewe ipo mwishoni. 6013 ambayo ndio imejaa madukani, unga wake unaachia haidrojeni nyingi, na haidrojeni inapenya kwenye ule ukanda uliopikwa pembeni ya weld, inakaa humo kimya, masaa au siku zinapita ndio chuma kinaweza kupasuka chenyewe hata gari haijatembea. 7018 ina haidrojeni kidogo sana, ndio mana inaitwa rodi ya kazi za nguvu. Lakini uzuri huo unapotea ikinyonya unyevu. Dodoma tunabahatika, sehemu kubwa ya mwaka hewa ni kavu, ila kuanzia Desemba mpaka Aprili usiiamini paketi iliyofunguliwa ikakaa dukani wazi. Nunua paketi ndogo iliyofungwa, ukiifungua itumie ndani ya masaa manne, iliyobaki fanyia geti. Kuzikausha upya inavyotakiwa ni joto la nyuzi 300 na kitu kwa saa moja mbili ndani ya oveni ya kazi hiyo, kuzipanga juu ya jiko la mkaa kama mahindi ya kuchoma ni kuharibu unga tu.

Kwa unene wa Hilux yako rodi ya milimita 2.5 kwenye ampia 70 mpaka 90, au ya 3.2 kwenye 100 mpaka 130, anza katikati ujaribu kwenye kipande cha chuma cha unene uleule kwanza.

Umeme sasa. Ukichomelea ampia 120, mashine ya kawaida inaweza kuvuta ampia ishirini na kitu kutoka ukutani, plagi ya 13 itakuwa inachemka na ile extension ya kuchajia simu itayeyuka, nimeshaona imeganda na zulia. Muite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake toka kwenye mein switchi, waya wa milimita 4 au 6 kutegemea umbali, breka ya 32, na eathi ya nyumba aipime iwe inafanya kazi. Hiyo gharama iweke kwenye bajeti ya mashine toka mwanzo. Kama mtaa wenu jioni umeme unashuka taa zinakuwa za njano, fanya kazi asubuhi. Jenereta, chini ya kVA 5 mpaka 6 usijaribu na mashine hiyo.

Sasa ukweli ambao hutaupenda. Mashine nunua, ila huo ufa usiufanye wewe, sio sasa. Geti moja halitoshi. Jipe miezi, chomelea vipande viwili vya fletibaa ya milimita nne, vibane kwenye vaisi, vikunje kwa nyundo mpaka weld ifunguke uangalie ndani, ukiona pameachana pamelala tu kama gundi basi bado. Siku utakapovunja vipande kumi mfululizo na vyote vikakunjika chuma bila weld kuachia, hapo tuongee tena. Kwa sasa fanya maandalizi ambayo ndio nusu ya bei ya fundi, na uyajue ili fundi asikupige chenga.

Osha hapo mpaka chuma kionekane, piga brashi ya waya. Usisafishie ile dawa ya kupuliza ya kusafishia breki alafu ukachomelea, kuna za aina yenye klorini ambazo mwanga wa welding unazigeuza kuwa gesi ya sumu, hata kidogo sana inaua. Fuata ufa mpaka mwisho wake kabisa, ufa unaouona kwa macho una mkia usiouona, ukishapapata mwisho, toboa tundu la milimita 5 au 6 hapo ili usitembee zaidi, ndio mana nasema tafuta mkia, tundu likiwa katikati ya ufa ni mapambo. Alafu grainda mfereji wa V kufuata ufa wote, weld iingie mpaka chini na sio kupaka juu. Baada ya weld inasagwa iwe sawa na chesisi, na ndipo bamba linakuja, unene uleule wa chesisi au pungufu kidogo, sio bamba nene la reli, ncha zake zimechongwa kwa mshazari kama kashata iliyokatwa pembe, ili mkunjo uhame taratibu. Weld ziende kwa urefu wa chesisi, zisikatishe wima, na kwenye mikunjo ya juu na ya chini ya chesisi, zile kona, pasiguswe na weld ya kukatisha. Fundi akikwambia "tunazungushia pande zote ndio imara", mkumbuke yule mzee wa Kibaigwa.

Toa waya hasi wa betri kabla ya kitu chochote, kama gari ina kompyuta au eabegi ndio zaidi. Klipu ya eathi ibane kwenye chesisi yenyewe karibu na unapochomelea, ukiibana mbele kwenye bampa umeme utatafuta njia kupitia beringi na utazichimba vidimbwi. Bomba za breki na za mafuta zimelala kando ya chesisi, zifungue au zisogeze, kuweka kitambaa kibichi tu sio kinga. Tanki la mafuta litoke kabisa. Watu wanasema "nimelimwaga limebaki tupu halina shida", tanki tupu ndio la kuogopwa kuliko lililojaa, kinacholipuka ni mvuke. Na jirani na namba ya chesisi iliyopigwa muhuri usipitishe grainda wala weld, ikifutika utaanza kuelezana na watu ambao hawana haraka.

Maziwa. Najua utaambiwa ukimaliza kunywa maziwa yanaosha moshi. Maziwa yanaenda tumboni, moshi umeenda kwenye mapafu, hayakutani. Ukichoma chuma chenye zinki kama mabomba ya maji bila kuisaga kwanza, usiku utatetemeka kama una malaria, dawa ni kutokuvuta huo moshi, kaa upande upepo unapotokea. Kioo cha helmeti namba 10 au 11. Ukipigwa na mwanga macho yanaanza kuuma usiku kama yana mchanga, masaa kadhaa baadaye, usiweke kiazi wala maziwa ya mama wala matone ya mtu mwingine, nenda hospitali, na kama kuna cheche au kipande kimeingia jichoni nenda hapohapo usisubiri kesho.

Kuna hali ambazo hata mimi ningekwambia usimwite fundi wa mtaani, peleka gari mahali penye vifaa. Pima kwa tepu mshazari wa chesisi, kutoka bolti ya mbele kushoto mpaka ya nyuma kulia, alafu kinyume chake, zikipishana zaidi ya milimita tano hivi chesisi imepinda, ukichomelea unaifunga ikiwa imepinda. Ufa ukiwa mbele karibu na steringi boksi au mikono inayoshika tairi za mbele, hivyo hivyo. Kutu ikiwa imekula mpaka bisibisi inapenya, hapo hakuna cha kuchomelea, unachomelea karatasi. Na usije ukamsaidia jirani mwenye IST au Vitz kwa maarifa haya, zile hazina chesisi ya ngazi kama yako, yenye reli mbili ndefu na vyuma vya kukatisha, bodi yenyewe ndio chesisi, na baadhi ya nguzo zake kwa magari mapya ni chuma kigumu sana ambacho joto la mashine yako linakiharibu. Malori nayo, mengine chesisi imepikwa kiwandani na ina stika inayokataza kuchomelea, isome.

Kwa mkono wa kujifunzia, VETA hapa Dodoma wanafundisha welding, pita uulize kozi fupi zao, wiki chache na mwalimu pembeni anayekugonga kiwiko zinakufaa kuliko mwaka wa kubahatisha peke yako uani.

Gari likishatengenezwa, hapo penye weld usipake rangi nyeusi. Paka nyeupe. Simtank jaza lita 600 au 700 na ulifunge lisicheze, au bora zaidi nunua mawili madogo ya kiasi hicho kwa pamoja uyajaze, mana likiwa nusu ndio maji yanagonga. Kila jioni ya siku uliyobeba maji ingia uvunguni na tochi, ufa mpya kwenye rangi nyeupe unaonekana kama unywele wa kahawia wa kutu, ukiuona ukiwa mdogo hivyo, simamisha gari siku hiyohiyo.